Jibu: Nililipia chumba cha kuelekea bahari, nimepewa cha jenereta

Salaam ndugu, na pole sana. Nimekuelewa hivi: ulilipia masiku matatu Shanzu, Mombasa, chumba kinachotazama bahari, ukapewa cha nyuma kando ya jenereta, meneja anasema pesa hairudi, na tena asubuhi bahari "imekauka".

Kwanza soma ile barua pepe ya kuthibitisha nafasi, chumba kimeandikwaje. Mwaka juzi nilibishana saa nzima mapokezi, kumbe karatasi yangu ilisema bustani. Mara ya pili, Diani, karatasi ilikuwa upande wangu. Nilipiga picha godoro lenye mabaka ya unyevu na kiyoyozi kikidondosha maji kwenye ndoo, nikaandika malalamiko usiku uleule ningali ndani. Hilo ndilo lililonisaidia, maana ukingoja mpaka ufike nyumbani watakwambia mbona hukusema. Na hoteli yenye matawi mengi ina makao makuu: waandikie hao pia. Mimi nilirudishiwa usiku mmoja baada ya wiki tatu.

Wakikaa kimya, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii ya Kenya. Kuna pia Mahakama ya Madai Madogo, kwa madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na si lazima uwe na wakili.

Ila ile bahari "kukauka" asubuhi usiwadai. Hilo ni bamvu: mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa mbali sana, hapa kwetu mida ya saa nne. Ngoja alasiri yajae, uogelee.