Meno bandia ya bi mkubwa yamelegea: kabla ya gundi, angalieni taya

Mkuu, umesema bi mkubwa yuko Newala, ana seti nzima ya juu na chini mwaka wa 9 sasa, ya chini yanaruka akiongea, na mmeshauriwa mnunue gundi. Gundi ina kazi yake, ila si pa kuanzia.

Kilichobadilika ni taya. Jino likishang'olewa, mfupa uliokuwa umelishika unaanza kupungua, kwa kasi zaidi mwaka wa kwanza, halafu polepole maisha yote. Taya la chini hupungua karibu mara 4 kuliko la juu. Tena juu kuna kaakaa pana na utando wa mate unaonatisha plastiki. Chini ni ukingo mwembamba tu, ulimi unasukuma huku, midomo na mashavu kule. Mtu akikonda, au akitumia dawa zinazokausha mate kama amitriptilini, kulegea kunazidi.

Mpimeni hapo nyumbani. Bonyeza kwa kidole magego ya upande mmoja: upande wa pili ukinyanyuka, plastiki haikai tena sawasawa juu ya ufizi. Kwa ya juu, sukuma meno ya mbele kuelekea nje. Yakidondoka nyuma, hewa inapenya mwisho wa kaakaa. Kwa ya chini, afungue mdomo nusu na ulimi utulie. Yakipanda yenyewe, huenda kingo ni ndefu mno na misuli inayasukuma. Halafu tazama uso: kidevu kikisogea puani akifunga mdomo na pembe za mdomo zikachanika, huenda meno yenyewe yamesagika. Hapo kujazia plastiki kwa ndani hakutoshi, anahitaji seti mpya.

Kama meno bado mazima, dawa ni kujaziwa plastiki mpya kwa ndani. Alale bila meno, na kabla ya kuchukuliwa kipimo cha umbo la ufizi akae bila kuyavaa saa 24 hadi 48 ili ufizi uliovimba urudi umbo lake. Watu wengi hawaambiwi hili. Kipimo kikichukuliwa juu ya ufizi uliovimba, uvimbe ukishuka meno yanalegea tena, na lawama anabeba fundi. Kujazia kwa maabara hudumu kuliko kule kwa papo hapo kitini, ambako plastiki huwa na vitundu na hushika harufu. Ukingo ukiwa mwembamba sana na unauma, kuna plastiki laini, lakini hiyo hupata fangasi upesi na haikai miaka mingi.

Kabla hajapanda gari kwenda mjini, pigeni simu Ligula, hospitali ya rufaa ya mkoa kule Mtwara, au kliniki mnayoikusudia, muulize: fundi wa meno bandia yupo? Mnajazia wenyewe au mnatuma Dar? Atakaa siku ngapi bila meno?

Gundi iwe ya kumvusha mpaka siku hiyo. Osha meno, weka vitone 3 vya ukubwa wa punje ya choroko, mbali na kingo, abonyeze na kung'ata kidogo. Ikivuja pembeni, mmezidisha. Tyubu ya gramu 68 kwa juu na chini hutosha wiki 7 hadi 8. Ikiisha mapema zaidi, meno hayafai kuvaliwa hivyo. Chagueni isiyo na zinki, kwa sababu zinki nyingi kwa muda mrefu hushusha madini ya shaba mwilini na kuharibu neva. Supaglu msiiguse kabisa, na msasa pia. Maji ya moto hupinda plastiki. Yaoshwe kwa sabuni ya vyombo na brashi laini, usiku yakae kwenye maji ya kawaida.

Kidonda au nyama iliyoota kwenye ufizi isiyoisha wiki 2 baada ya kuyavua, apelekwe hospitali bila kungoja miadi ya kujazia. Inabidi kuhakikisha si saratani.

Akishajaziwa, aanze na ming'oko (viazi vya porini) ya kuchemsha, atafune pande zote mbili kwa pamoja. Korosho za kukaanga zisubiri, vipande vyake huingia chini ya plastiki na kukwaruza ufizi. Atarudi kurekebishiwa, na siku moja kabla ayavae hata kama yanauma kidogo, maana bila alama nyekundu kwenye ufizi daktari hawezi kujua apunguze wapi.