Muulize Fundi: Buti gumu au buti laini?

Fundi, habari za baridi? Mimi ni muuguzi, niko Rjukan, Norway, mwaka wa nne sasa. Barua hii naiandika kwenye benchi pale uwanjani, kwenye lile jua linaloakisiwa na vioo vilivyowekwa juu mlimani, maana jua lenyewe halitashuka bondeni kwetu mpaka Machi. Majira mawili nimekodi skii, mbao za kutelezea theluji, za mtindo wa Telemark, zile za kisigino huru kisichofungwa kwenye skii, pale Gaustablikk, kituo cha kutelezea, na zimeniingia moyoni. Jirani yangu, mzee wa hapa hapa, amenigawia skii zake za zamani: upana wa milimita 82 katikati, na vishikio vya waya vya kufungia buti kwenye skii. Bado buti. Nimepata mitumba jozi mbili za saizi yangu, za kampuni ya Scarpa: T4 laini yenye vifungo viwili na T1 gumu yenye vifungo vinne, bei karibu sawa. Mume wangu anasema chukua gumu, utalizoea. Mzee anasema laini. Nina kilo 55. Wikiendi huwa nateleza kwenye miteremko yenye lifti za kupandisha watu, na Pasaka nataka kwenda milimani na wenzangu wa kazini, ambao hutembea siku nzima. Nimsikilize nani?
— *Dada wa Rjukan*

Dada yangu, baridi ipo, tunaizoea kwa kuilalamikia.

Msikilize mzee, lakini si kwa yote. Shemeji naye mwambie asinune, kosa lake nililifanya mimi kabla yake, tena kwa hela yangu.

Mimi ushonaji wa viatu nilijifunzia Moshi, soko la Mbuyuni, nikiiona theluji ya Kibo kila asubuhi bila kujua kwamba siku moja ndiyo itakayonilisha. Nilipokuja huku na kushikwa na ugonjwa huu wa kisigino huru, niliingia dukani na kilo zangu 64. Muuzaji akanitolea buti gumu kuliko yote rafuni. "Hili hutalibadilisha tena," akasema. Nikalipa. Msimu mzima nikawa nateremka huku mguu wa nyuma umesimama kwenye ncha za vidole, kama mtu anayechungulia ukuta wa jirani. Kila nikipiga kona, skii ya nyuma inatangatanga, inaenda inakotaka. Nikadhani sijui. Siku rafiki aliponiazima buti lake kuukuu, kona ya tatu tu nikacheka peke yangu mlimani.

Kilichobadilika ni mguu wa nyuma. Katika kona ya Telemark unapiga goti, skii moja inatangulia, kisigino cha nyuma kinainuka, na uzito unaugawa miguu yote miwili, karibu nusu kwa nusu. Mguu wa mbele hauna taabu, umekanyaga wayo mzima. Wa nyuma una sehemu moja tu ya kusukumia skii: ile nyama ya wayo iliyo chini ya mizizi ya vidole. Ili ikanyage, buti lazima likunjike pale pale, na ndiyo maana buti za plastiki za mtindo huu zina mikunjo kama ya kodiani juu ya vidole. Mikunjo ikiwa migumu kuliko uzito wako, buti halikunjiki. Linainuka zima zima, na wewe unabaki kwenye ncha ya soli. Jitu la kilo 90 kwenye skii pana litaikunja T1 bila kufikiri, na litaisifu. Kwa kilo 55 utakuwa unapigana nayo kila kona, na Pasaka baada ya saa nne za tambarare kisigino chako kitakueleza vizuri kuliko mimi.

Sasa kwa nini nimesema si kwa yote? Mzee wako amezaliwa mkoa wa Telemark. Morgedal, kijiji alikozaliwa Sondre Norheim mwaka 1825, kiko mkoani humo humo. Norheim alizungushia visigino vyake fito zilizosokotwa, akateremka nazo mpaka akashinda mashindano ya mji mkuu mwaka 1868. Wakati huo buti ni ngozi, na ngozi ikaendelea kutawala hadi Scarpa walipotoa buti la Terminator, la plastiki tupu, mwaka 1992. Watu wa umri wa mzee wamekulia kwenye ngozi. Kwao kitu chochote chenye vifungo vya chuma ni kigumu mno. Lakini ngozi ile ilikaa juu ya skii nyembamba. Milimita 82 si nyembamba. Ugumu wa ubavuni ni habari tofauti na ugumu wa mikunjo: skii ikiwa pana na theluji imeshindiliwa mpaka imekuwa kama sakafu ya saruji, kuisimamisha kwenye makali yake kunahitaji buti linaloushika mguu juu ya kifundo. T4 ni fupi shingoni. Asubuhi ya barafu pale Gaustablikk utahisi kifundo kinalegea kabla makali hayajauma.

Kwa hiyo jibu langu ni buti la katikati, Scarpa T2 au mwenzake wa kampuni nyingine mwenye vifungo vitatu. Hukulitaja, lakini kwenye mitumba ya Norway halikosekani, hasa baada ya Pasaka watu wanaposafisha stoo. Kama ni hayo mawili tu na huwezi kusubiri, beba T4. Siku za barafu utateleza polepole, basi. Buti laini litakufundisha kuukanyaga mguu wa nyuma. Gumu litakufichia kosa mpaka ulizoee.

Kabla hujatoa hela, lolote utakalochagua, fanya hivi. Vaa buti, funga kama ungefunga mlimani, piga goti la kona pale sakafuni. Mtu akuwekee karatasi chini ya soli ya mguu wa nyuma, pale penye nyama ya wayo, kisha aivute. Ikitoka bure, uko kwenye ncha ya soli, na buti hilo halikufai. Ikikwama au kuchanika, umekanyaga. Ila kumbuka dukani ni joto. Plastiki hukakamaa kwa baridi, nyingine sana, nyingine kidogo. Mimi la mtumba humwomba mwenyewe alilaze roshani usiku mzima, nami asubuhi nalivaa likiwa bado baridi. Wengine hunishangaa. Wanaokataa kabisa, mimi nao siendelei.

Maana buti la mtumba ni kitanda usichokilalia. Kunguni wake wako kwenye mikunjo: ifungue kwa vidole, mulika kwa tochi ya simu, tafuta mpasuko mwembamba kama unywele. Plastiki iliyozeeka huvunjika ghafla, na kuvunjikiwa buti kilomita kumi kutoka kibandani ni kutembea kwa magoti kweli. Tazama na mfereji wa nyuma ya kisigino unaokaa waya, kama haujalika. Halafu geuza soli mbele. Vishikio vya mzee vinataka ile pua bapa kama mdomo wa bata, ya milimita 75. Ukikuta buti zuri la bei ya kutupa lisilo na mdomo wa bata, hilo ni la mfumo mpya wa NTN uliotoka 2007, linashikwa chini ya wayo. Halitaingia hata ulisukume kwa nyundo.

Saizi usiamini namba peke yake. Toa bitana ya ndani, ingiza mguu kwenye gamba tupu, sogeza vidole mpaka viguse mbele, kisha pima nyuma ya kisigino kwa kidole. Kidole kimoja hadi kimoja na nusu, sawa. Viwili, litakuyumbisha. Na ukianza na T4, waya usiukaze kwa hasira. Buti laini lililofungwa waya mkali hujikunja lenyewe kwenye pua na kukubana vidole, halafu utasema Fundi alinidanganya.

Fundi, niko Denver. Buti langu la vifungo vitatu ni zuri, ila kila nikipiga goti kidole kidogo cha mguu wa kushoto kinauma mpaka nalia. Nibadilishe nichukue laini zaidi?
— *Mkimbizi wa lifti*

Usibadilishe kwanza. Hiyo mara nyingi si habari ya ugumu, ni mahali pa mkunjo. Mguu wako unakunjika sehemu moja, buti linakunjika nyingine, na kidole ndicho kinachobanwa katikati. Vaa buti, kunja mguu, weka alama ya chaki nje ya gamba pale panapouma. Nenda na alama hiyo kwa fundi mwenye mashine ya joto, apavimbishe milimita tatu nne, na bitana aipashe upya mguu wako ukiwa ndani. Ikiwa mkunjo wa buti uko mbele ya mkunjo wa mguu kwa upana wa kidole kizima, hapo uza. Mguu wa kulia ukiwa hauna shida, basi pima yote miwili. Wengi wetu mguu mmoja ni mrefu kidogo na hatujawahi kuambiwa.