Wavulana, Vitabu na Banda la Kuku: Kwa Wazazi Wanaoanza Masomo ya Nyumbani Shambani

Wazazi wenzetu mnaopanga kuwasomesha wavulana wenu nyumbani hapa Kenya, huku mkijilisha kutoka kipande chenu cha shamba: kinachowashinda wengi mwaka wa kwanza ni kuanza mambo kumi kwa siku moja. Wananunua ng'ombe, mbuzi, sungura na kuku mia, wanalima nusu ekari, na wakati huohuo wanafungua mitaala ya watoto watatu. Kufikia mwezi wa tatu shamba limemeza masomo, na wavulana wamegeuka vibarua wanaojua kukata majani ya ng'ombe lakini hawajui kugawanya. Kwa hiyo mwaka wa kwanza shikeni mawili tu: mfugo mmoja, na saa za asubuhi za kusoma zisizoguswa na mtu.

Kabla ya hayo, sheria. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto shuleni na kuhakikisha anahudhuria, na haina kifungu cha masomo ya nyumbani. Msimtoe mtoto shuleni kimyakimya. Zungumzeni kwanza na ofisi ya elimu ya kaunti ndogo na wakili anayeyajua mambo haya, mwelewe mnaingia wapi. Amueni mapema pia mtihani mtakaoulenga. Katika mtaala wa umilisi, alama ya mwisho ya gredi ya 9 haitokani na karatasi za KJSEA, mtihani wa taifa wa gredi hiyo, peke yake: hizo ni asilimia 60, KPSEA, mtihani wa taifa wa gredi ya 6, ni asilimia 20, na tathmini za shuleni za gredi ya 7 na ya 8 ni asilimia 20. Maana yake ni kwamba mtoto asiyeandikishwa na shule yoyote hawezi kutokea gredi ya 9 akaomba kufanya mtihani. Mkitaka njia hiyo, tafuteni shule itakayomwandikisha tangu gredi za chini. Mkitaka mitihani ya Cambridge, mtahiniwa wa kibinafsi huweza kujiandikisha kupitia British Council, ila ada ni kubwa na huwekewa akiba miaka kadhaa kabla.

Sasa siku yenyewe. Mifugo haingoji, kwa hiyo ndiyo inayoamsha nyumba. Saa 12 asubuhi wavulana wanatoka: maji, chakula, kufungua banda. Kazi hiyo isizidi dakika 40. Ikizidi, mifugo ni mingi kuliko mikono. Saa 1 ni uji na ibada. Saa 2 hadi saa 5 na nusu ni vitabu, na hapo hakuna anayeitwa kushika ndama wala kukimbizwa dukani. Anayevunja utaratibu huu mara nyingi ni mzazi mwenyewe: "Njoo unisaidie kidogo tu." Hicho kidogo kikirudiwa mara tatu kwa wiki, somo la hesabu limekwisha. Kazi kubwa za shamba zingoje saa 10 jioni jua likipoa.

Mvulana wa miaka 6 akikaa dakika 15 kwa somo moja amefanya vizuri. Wa miaka 9 au 10 anaweza dakika 25, na wa miaka 12 kwenda juu dakika 40 hadi 45. Baina ya masomo mpeni sababu ya kutumia miguu: alete maji lita 5, azunguke banda, aokote kuni za jikoni. Mtoto anayejinyonganyonga kitini si lazima awe mtundu, huenda amekaa kuliko umri wake unavyoruhusu. Hesabu iwe ya kwanza, kichwa kikiwa bado kibichi.

Wakiwa watatu wa umri tofauti, msijaribu kumfundisha kila mmoja kila somo. Biblia, historia na sayansi wasome pamoja, kila mmoja akijibu kwa kiasi chake. Kusoma na hesabu ni vya mmoja mmoja. Anzeni na mdogo, kwa sababu hawezi kujifanyia kazi peke yake. Wakubwa wakati huo wananakili aya au wanarudia hesabu za jana. Ukimwacha mdogo awe wa mwisho, saa zote hizo atakuwa ameharibu utulivu wa wengine.

Kusoma kuanze kwa Kiswahili hata kama vitabu vya hesabu na sayansi mtakavyotumia baadaye ni vya Kiingereza. Irabu zetu hazibadiliki: a ni a popote ilipo. Fundisheni a, e, i, o, u mpaka azitaje bila kusita, kisha ma me mi mo mu, ba be bi bo bu, ka, ta, la. Kwa silabi hizo chache tayari anasoma mama, kata, lala, kamba ikifuata punde. Kizingiti kiko kwenye mb, nd, dh, gh, na hasa tofauti ya ng na ng'. Wekeni ngoma na ng'ombe kwenye karatasi moja, ayatamke mara nyingi kabla ya kuyaandika. Akigeuza b na d akiwa na miaka 6, sahihisheni bila kelele. Akiendelea hivyo baada ya miaka 8, mpelekeni akaangaliwe macho na namna anavyosoma.

Mfugo wa kwanza uwe kuku 10 wanaotaga. Si kwa sababu wana faida kubwa, ila kosa la kuku ni dogo kuliko kosa la ng'ombe, na mtoto huona matokeo ya kazi yake kila siku. Nafasi ni mita 1 ya mraba kwa kuku 5, kwa hiyo banda la mita 2 za mraba ndiyo kiwango cha chini kwa 10, na likiwa 3 ni bora. Fito za kulalia ziwe na sentimita 20 kwa kila kuku, na kiota kimoja kwa kuku 5. Sakafu itandikwe maranda makavu kina cha sentimita 8 hadi 10. Yakilowa karibu na chombo cha maji, yaondolewe siku hiyohiyo: sakafu mbichi ndiyo inayoleta koksidia, ule ugonjwa wa kuhara damu unaofagia vifaranga. Kama mnaanza na vifaranga, wiki ya kwanza wanataka joto la nyuzi 32 hadi 35, kisha mpunguze nyuzi 3 kila wiki. Mvulana asiye na kipimajoto asome tabia yao. Wakirundikana chini ya taa wana baridi, wakikimbilia kingo wanaungua, na wakitawanyika wakila basi joto limefaa.

Kideri, ugonjwa wa kuku uitwao pia Newcastle, huua banda zima kwa siku chache. Msiahirishe chanjo. Ile ya tone moja jichoni hurudiwa kila miezi 3 hadi 4. Kosa tunaloliona sana ni kununua chanjo asubuhi na kuizungusha mfukoni juani hadi jioni. Ibebeni kwenye chupa ya chai yenye barafu, na ikishachanganywa itumike papo hapo, isiwekwe hadi kesho. Kwa chanjo inayonywewa, maji ya mfereji yenye klorini huiua. Tumieni maji ya mvua au ya kisima, na kuku wanyimwe maji kwa muda wa saa 2 kabla ili wanywe kwa mara moja.

Na hapa ndipo darasa linapoingia bandani. Kuku mmoja anayetaga hula gramu 125 hivi kwa siku. Kumi ni kilo 1.25. Gunia la kilo 70 litakaa siku ngapi? Siku 56. Mtoto wa gredi ya 5 apige hesabu hiyo, aandike ukutani tarehe ambayo gunia linapaswa kuisha, kisha asubiri. Likiisha siku ya 45, kuna swali: panya? chombo kinachomwaga? mtu anayepima kwa mkono badala ya mkebe? Hilo ni somo la hesabu lenye jibu linaloweza kuguswa. Daftari la banda liwe na safu tano: tarehe, mayai, chakula, maji, waliokufa au wagonjwa. Mayai yakishuka ghafla, kwanza angalieni safu ya maji. Mara nyingi chombo kilikauka mchana mmoja na hakuna aliyegundua.

Mvua nayo ni mwalimu mzuri kuliko kitabu. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mabati linalofunika ardhi ya mita 8 kwa 6 lina mita 48 za mraba, basi mvua ya milimita 10 inaleta lita 480. Kinachorukia nje na kinachopotea kwenye mifereji kikitolewa, hesabuni 400. Wavulana wapime urefu na upana chini, si kwenye mteremko wa bati, maana mvua haijui mteremko. Tangi la lita 5,000 litajazwa na milimita 125 hivi. Nyumba ya watu 7 wanaotumia lita 20 kila mmoja italimaliza kwa siku 35. Kijana akishalipata jibu hilo kwa mkono wake, hatahitaji kukumbushwa kufunga bomba. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi imwagwe, inaosha kinyesi cha ndege na vumbi la paa.

Kazi ziwe na jina la mtu mmoja. "Nyinyi walisheni kuku" maana yake hakuna atakayewalisha. Msizizungushe kila siku pia. Mpeni kila mvulana kazi kwa mwezi mzima, aone mwenyewe alichokosea wiki ya kwanza kikizaa nini wiki ya tatu. Wa miaka 5 au 6 huokota mayai na kujaza chombo cha maji. Wa miaka 8 hupima chakula na kuandika daftari. Wa miaka 11, mbuzi wakishakuja baadaye, anaweza kuwakama: anawe mikono, aoshe kiwele kwa maji ya uvuguvugu, akaushe, na michirizi ya kwanza aikamulie kwenye kikombe cheusi. Akiona mabonge au damu, maziwa hayo hayaingii sufuriani, na mbuzi huyo akamwe wa mwisho. Maziwa yote yachemshwe kwa sababu ya bruselosi, ugonjwa unaompata mtu kupitia maziwa mabichi. Shoka lingoje miaka 13 au zaidi, na mzazi awepo: gogo la kupasulia lifike magotini, miguu itanuliwe, viatu vya kufunika vidole, na asiwepo mtu ndani ya mita 3. Panga butu ni hatari kuliko kali kwa sababu huteleza, kwa hiyo afunzwe kunoa kabla ya kufyeka.

Wavulana wanaofanya kazi hivi hula sana. Loweka maharagwe usiku, chemsha githeri ya mahindi vikombe 4 kwa maharagwe 2, na kila mvulana kuanzia miaka 9 awe na siku yake ya kupika. Jikoni pia ni kwa wana wa kiume, na anayejua kupika hatalala njaa mama akiugua.

Ibada ya asubuhi dakika 15 zinatosha. Mithali ina sura 31, basi sura ya tarehe ya leo ni njia rahisi ya kuanza. Injili ya Marko ina sura 16, na wiki mbili na kitu mmeimaliza. Mkubwa asome, mdogo asimulie alichosikia kwa maneno yake. Ombi letu kubwa: msimwadhibu mtoto kwa kumnakilisha Maandiko. Mvulana aliyenakili Zaburi 23 kwa sababu alimpiga ndugu yake atabaki na ladha ya adhabu kila akisikia neno mchungaji. Adhabu ya kumpiga ndugu iwe kumfanyia kazi yake ya jioni.

Jumapili kuku bado wanakula. Jumamosi jioni jazeni matangi, pimeni chakula cha siku mbili kwenye ndoo, katieni mbuzi majani ya kutosha kama mnao, safisheni viatu. Mkifanya hivyo, Jumapili asubuhi kazi ni dakika 20 na nyumba nzima inafika kanisani bila kugombana njiani. Kanisani na uwanjani ndiko watakakopata marafiki. Watafutieni shule ya Jumapili na timu ya mpira, mvulana asikue akiwa na ndugu zake peke yao.

Kila Ijumaa chukueni ukurasa mmoja wa kila somo kwa kila mtoto, andikeni tarehe, wekeni kwenye faili lake. Usichague kazi safi tu, weka na ile aliyokosea. Shule ikimpokea baadaye, au ofisa akiuliza anasoma nini, faili hilo ndilo litakalojibu. Mfugo wa pili uje pale daftari la banda litakapokuwa limejazwa miezi 6 bila mzazi kuuliza, na faili za Ijumaa hazina wiki iliyokosekana.