Usiskani hivyo vitabu! Kamusi yangu ya Krapf iliondoka kwa bei ya samaki na chipsi

Mkuu funga hiyo apu. Sijamaliza hata kusoma uzi wako, nimefika pale uliposema kesho unakaa sebuleni unaskani vitabu vyote arobaini vya marehemu mjomba, duka la mtandaoni likileta bei unabonyeza kubali, na visivyo na bakodi, ile mistari myeusi ya kuskani, unatafuta jina unachagua cha kwanza kinachotokea. Nimeacha ugali mezani nije kuandika hapa. Maana hapo hapo ndipo nilipozikwa mimi.

2019 niko hapa Leicester, Uingereza, kuna bibi mmoja alikuwa anahama nyumba, mumewe aliwahi kufanya kazi Tanganyika enzi za mkoloni, akaniuzia boksi zima paundi 30. Ndani takataka tupu, ripoti za mkonge, ramani zimeliwa na panya, na chini kabisa kamusi ya Krapf. Ndiyo, Krapf huyo huyo mmisionari Mjerumani aliyefika Mombasa 1844. Kamusi yake ya Kiswahili ilitoka London kwa mchapishaji Trübner mwaka 1882, mwenyewe kashafariki mwaka mmoja nyuma. Jalada limechakaa, uzi wa mgongoni umeanza kuachia, karatasi rangi ya chai ya maziwa, na pale kwenye neno dau kuna mtu alichora kwa penseli kidau kidogo pembeni, kina tanga lake na vimawimbi viwili. Kumbukeni hicho kidau wakuu.

Sasa mimi wakati huo nilikuwa nimetoka kulipa paundi 45 kwa kozi ya jamaa mmoja wa kwenye video, simtaji, yule anayevaa miwani ya jua akiwa ndani ya nyumba. Huyo ndiye alinifundisha kwamba bei si kazi yako, bei ni kazi ya roboti, yaani programu inayobadilisha bei yenyewe, wewe skani, weka, washa roboti, nenda kalale. Mwenye bei ya chini ndiye anayeuza. Nikaandika na kwenye daftari, eti. Huyo jamaa sidhani kama amewahi kushika kitabu kilichomzidi umri, maana ushauri wake ni wa kuuza makava ya simu, na mimi nikautumia kwa kitu cha miaka 137.

Bakodi haikuwepo, na ingetoka wapi, ISBN yenyewe, ile namba ya kitabu inayobebwa na bakodi, imekuwa kanuni ya kimataifa 1970. Nikaandika jina la kitabu dukani, ikaja rekodi ya kwanza, yaani ukurasa wa kitabu ambao wauzaji wote wanautumia, nikabonyeza "ninacho, nauza". Ile rekodi ilikuwa ya chapa mpya ya jalada laini, zile ambazo mtu anachukua kitabu kilichoisha hakimiliki, anakiskani, mteja akiagiza ndio inachapwa nakala moja. Nusu ya kurasa zimepinda na kidole cha aliyeskani kinaonekana. Kwa hiyo machoni pa duka na kila mnunuzi, mimi nilikuwa nauza hiyo! Picha ya jalada ya kwao, mwaka wa kwao, uzito wa kwao. Kwenye hali ya kitabu nikachagua "kimetumika, kinaridhisha". Kinaridhisha!!

Bei ya chini ilikuwa paundi 17.40, roboti langu likaingia senti moja chini. Kumbe wale wauzaji wengine wawili nao wana roboti zao, basi usiku kucha zinashushiana senti moja moja kama makonda wanaogombea abiria Mbagala, mimi nimelala nakoroma. Baada ya wiki mbili imeuzwa, paundi 9.63, mteja yuko Ujerumani. Mwenzenu nilipiga kigelegele. Nikaenda posta nikakatwa paundi 12 na kitu, maana duka lilinirudishia nauli ya kijitabu chepesi wakati mimi nimebeba tofali, toa na kamisheni yao. Yaani nilimlipa Mjerumani achukue.

Mteja wala hakulalamika. Alinitumia ujumbe mfupi wa shukrani, eti kitabu ni kizuri kuliko alivyotegemea. Nikamwambia mke wangu ona, wateja wa Ulaya wana adabu.

Miezi mitano baadaye niko kwenye katalogi ya duka moja la vitabu vya kale, nazunguka tu, nikakuta Krapf 1882, paundi 390, na kati ya picha wamepiga moja ya karibu ya pembeni ya ukurasa. Kidau. Tanga lake na vimawimbi vyake viwili. Hapo nilinyamaza mpaka mke wangu akauliza nani kafa kwetu.

Na msiniambie roboti zikiachiwa bei ya juu ndio salama. Aprili 2011 pale Amazon kitabu kimoja cha biolojia ya nzi, kilichotoka 1992, kilifika dola 23,698,655.93, na bado posta juu dola 3.99. Wauzaji wawili, roboti la mmoja linajiweka chini kidogo tu, kwenye 0.9983 ya bei ya mwenzake, la pili linajiweka juu zaidi, kwenye 1.270589 ya bei ya yule wa kwanza, zikawa zinapandishana hivyo kwa siku kadhaa bila binadamu kutazama, mpaka mwanabiolojia mmoja wa Berkeley, Michael Eisen, akagundua. Hakuna aliyenunua bila shaka. Mimi kamusi yangu walau iliuzika hahaha, nacheka ila inauma.

Sasa wewe mdogo wangu umeandika una kamusi ya Kiswahili ya Johnson ya 1939 na unataka kuiweka paundi 250 kwa sababu kuna mtu kaweka 250. Umeangalia wapi hiyo 1939? Hiyo kamusi imechapwa tena na tena kwa miaka mingi na 1939 inabaki imo humo humo. Fungua ukurasa wenye jina la kitabu, UGEUZE, usome mgongo wake, pale kwenye maandishi madogo ambayo hakuna anayeyasoma. Ukikuta chini ya 1939 kuna mistari ya chapa zilizofuata, basi yako ni ya mwaka wa mwisho hapo. Ukiiuza kama ya 1939 mteja atairudisha na nauli zote mbili juu yako. Na huyo wa 250 yawezekana kaiweka tangu enzi za Kikwete na haijanunuliwa, tazama zilizouzwa kweli, siyo zilizotangazwa.

Hivyo hivyo vyote arobaini. Geuza ukurasa wa jina kwanza, bei baadaye. Halafu usijining'inize kwenye rekodi ya mtu mwingine, fungua tangazo lako, picha zako, mwaka wako, mchapishaji wako, na roboti lizime kabisa. Nakuambia geuza ukurasa!

Ile kamusi ya Sacleux ya Kiswahili na Kifaransa ni juzuu mbili. Hesabu kama zipo zote kabla ya kuandika seti. Usiniulize nimejuaje.

Nimerudi juu naona uliuliza pia namna ya kufunga vifurushi, kodi, na duka lipi ni zuri. Kodi waulizwe wenye akili. Wewe piga picha mgongo wa ukurasa wa jina wa hiyo Johnson uitupie hapa, niko macho mpaka saa sita.