B–H imepotea kwenye Tm yako? Usiimwage kwanza

Mkuu, umesema umechanganya chumvi ya sodiamu ya Tm (ligandi, yaani molekuli inayoshika metali, yenye boroni iliyobeba haidrojeni moja na pete tatu za methimazoli) na kampaundi ya ruthenium yenye finili (kundi la C6H5), kisha kwenye infraredi kilele cha B–H (kifungo cha boroni na haidrojeni) cha karibu na 2400 cm⁻¹ hakionekani, na msimamizi anadai ligandi imevunjika. Yalinikuta hayo hayo nikiwa uzamili, na mzigo wa kwanza niliumwaga. Bado unaniuma.

Anza na chumvi yenyewe. Mimi niliipika bila kiyeyushi: methimazoli (ndiyo ile dawa ya tezi dundumio) iliyozidi kidogo moli 3 kwa moli 1 ya sodiamu borohaidridi, joto likipanda polepole hadi kupita nyuzi 160. Gesi ipe njia ya kutokea, na uipime: lazima zitoke moli 3 za haidrojeni. Ukizima moto mapema unabaki na Bm, yenye pete mbili tu na B–H mbili.

Kama chumvi ilikuwa safi, basi kupotea kwa B–H huenda ndiyo habari njema. Tm ilitangazwa 1996 kama ndugu laini wa Tp ya mwanakemia Trofimenko (ligandi ya boroni yenye pete tatu za pirazoli), salfa ikichukua nafasi ya nitrojeni katika kushika metali. Tofauti iko kwenye pete zinazofungwa pamoja na metali. Tp ikishika metali inafunga pete za atomu 6, ngumu. Tm inafunga za atomu 8, zinazojipinda kama pangaboi. Ulegevu huo unairuhusu boroni kupinduka, haidrojeni yake ikaelekea kwenye metali. Kwako finili iko pale pale: inaibeba haidrojeni hiyo na kuondoka kama benzini, na boroni inajifunga moja kwa moja kwenye ruthenium. Kundi la utafiti la mwanakemia Anthony Hill lilionyesha hilo 1999, wakauita muundo huo metalaboratrani. Salfa 3 bado zimeshika, ila sasa kuna pete 3 za atomu 5.

Kuthibitisha, piga NMR ya boroni (kipimo cha mwitikio wa viini vya atomu kwenye sumaku) bila kuondoa mwingiliano wa protoni, uilinganishe na ya chumvi uone kama B–H bado ipo. Tumia bomba la kwatzi! Mimi nilipoteza wiki mbili nikitafsiri kilima kipana ambacho kumbe kilikuwa boroni ya kioo cha bomba. Hata hivyo, kilichomnyamazisha msimamizi wangu ni fuwele: Ru na B zikiwa zimeachana kwa takriban angstromu 2.2 (angstromu ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita), hakuna cha kubishana hapo. Ukipata spektra iweke hapa tuione.