Sungura muzee anakataa majani? Anza na mudomo yake

Juzi dada moja wa Goma, kule Himbi, aliniandikia mesaji: sungura wake amezeeka, majani hataki tena, anakula paka karoti na mikate, sasa afanye je. Nilimujibu mbio mbio, lakini usiku nikaona hii jibu niiweke hapa, juu najua tuko wengi tunafuga sungura ambaye haendi ku sufuria, ata kama batu banatuchekaka.

Mimi wangu anaitwa Shefu. Niko Bukavu, nilimununua ku soko ya Kadutu akingali mutoto, mwenye kumuuzisha akaniambia huyu ni nyama ya Bonane. Ile Bonane ikapita, zingine zikapita, Shefu iko! Sasa anaingia mwaka wa nane, na kwa sungura huyo ni muzee kabisa. Shemeji yangu kila akifika nyumbani anamuangalia namna mutu anaangaliaka sahani, anasema "yaya, hii nyama inaanza kukomaa, itatushinda meno". Nachekaka naye. Lakini inaniuma, na leo bado inaniuma.

Basi mwaka uliopita Shefu akaanza kuchagua. Unamuwekea majani, anakuja mbio, ananusa, anajaribu moja, anaiacha, anakugeuzia mugongo. Ndizi ukileta anakula yote. Nyumbani kila mutu akasema huyu ni kiburi, mumemuzoesha raha. Nikamubeba ku kitunga mpaka kwa veterineri moja, simutaji, na hakumugusa ata kidole, aliangalia ndani ya kitunga akasema: "Mama, chinja, nunua mwingine." Niliteremuka ile bararabara nimenyamaza mpaka nyumbani.

Wa pili alikuwa kijana. Yeye alichukua torshi, akamufungua mudomo, akatafuta nyuma kabisa, na ndiyo akaona: meno ya kutafunia yameota ncha, zinachoma ulimi. Alimupa dawa ya kumulalisha, akazipunguza. Siku ile ile magaribi Shefu hakukula vizuri, lakini kisha pole pole akarudilia majani, na wale waliosema kiburi hakuna ata moja aliyekuja kusema pole.

Munisikie vizuri hapa. Meno ya sungura yanaota mpaka siku anakufa, ya mbele karibu milimita 2 kila wiki. Kintu inayoyapunguza si karoti, ni majani, juu majani anayasaga kwenda huku na kurudi huku, tena masaa mingi. Mukate anaufinya tu anameza. Sasa akishakuwa na jino inamuchoma anakimbilia bintu laini, akila laini meno yanazidi kuota, yakiota mudomo inazidi kuuma, njo unaona muzee anachagua kila siku zaidi na weye unaita tabia. Uangalie kidevu yake kama iko na mate, kama anaangusha chakula, kama anakuja ku chakula na hamu halafu anarudi nyuma. Yale meno ya nyuma huwezi kuyaona weye mwenyewe ukiinua tu mudomo, ya mbele yanaweza kuwa mazuri kabisa na nyuma kumeharibika.

Na kama amepitisha nusu siku hajakula na mavi haitoki, usingoje kesho. Sungura hawezi kutapika, na tumbo yake ikisimama inajaa hewa, anaweza kukufia mu mikono. Usimusukumizie chakula ku mudomo mbele veterineri hajamushika tumbo.

Haya, chakula. Majani. Sehemu kubwa kabisa ya chakula yake iwe majani ya kawaida, mabichi ao makavu, yakae mbele yake mchana na usiku. Shefu alipokuwa anapona nilikuwa nakata seleri vipande vidogo vidogo (ile nyuzi ndefu ni mbaya kwa muzee), nachanganya ndani ya majani makavu, arufu inamuvuta, akitafuta seleri anajikuta ametafuna na majani. Majani ya karoti nayo anapenda, hayo ni mazuri kuliko karoti yenyewe, karoti iko na sukari, mupe kipande siku moja moja. Ndizi vilevile, kidogo kama ncha ya kidole. Granule (chakula ya sungura ya vidonge, ya kununua) ukiipata umulowanishie na maji ya vuguvugu, lakini si njo chakula, ni ya kuongezea tu, zaidi kama anakonda. Upitishe mukono ku mugongo kila wiki, mifupa ikianza kuchoma ujue anakonda, manyoya inadanganyaka macho. Kintu mupya ulete moja moja, si tatu siku moja.

Maji uweke ku sahani nzito, si ku shupa ya kutundika, shingo ya muzee inachoka.

Na tuwache mambo ya kumutupia kila kintu ya ku jikoni! Avoka ni sumu, majani yake na tunda yake. Majani ya viazi vya kizungu na ya nyanya hapana. Sombe mubichi hapana, haragi kavu hapana. Fufu, mukate, biskuti, hizo zinaharibu tumbo yake ata kama anazililia. Najua mutasema "lakini anapenda". Mutoto wako naye anapenda bombo, unamulisha bombo asubuhi na jioni? Mutu anachukua mnyama, anapiga naye picha, anamuweka ku WhatsApp akingali kidogo na mzuri, akizeeka anamwita mzigo. Mnyama hakukuomba umulete kwako, ulimuleta weye, basi umulishe kama mutu mwenye alimuleta.

Kwa ndugu za Goma, najua fasi zingine ni mawe ya volkano tu, majani haioti. Muulize wale banakatiaka ngombe majani, lakini musichukue ya pembeni ya bararabara fasi mbwa zinapita. Na sisi wa Bukavu tusijisifu, mwezi wa sita ikifika kiangazi inakausha kila kintu. Mimi naanzaka mwezi wa tano: nakata umande ukishakauka, natandika fasi yenye kivuli na upepo, nageuza mpaka ikauke kabisa, juu ikibaki na maji inaota kuvu na kuvu hiyo usimupe. Kisha nafunga mafungu natundika chini ya mabati. Kama jirani iko na mbuzi, mufunge na mulango.