Hita kwenye gari la kulala

SWALI: Assalaam alaykum fundi, mdogo wangu yupo Uingereza anaishi kwenye motahomu (gari la kulala), kanunua hita ya umeme wati 2000, mama hapa Wete halali eti itamuunguza. Kweli? Dada mtu, Pemba

JIBU: Waalaykum salaam dada. Wati 2000 kwa volti 230 ni karibu ampea 9 za mkondo wa umeme, na kambi nyingi za kuegesha magari hayo kule zinatoa ampea 10 au 16, sasa akiwasha na birika la umeme kwenye ile ya 10 breka (swichi ya usalama) inakata umeme tu. Mie naogopa zaidi waya wa ekstensheni, aukunjue wote hata kama anahitaji mita mbili, ukibaki umejizonga unachemka mpaka plastiki inayeyuka. Hita ikae mbali na pazia na godoro, na asianike soksi juu yake (vijana hawa!). Akilala azime. Na jiko la gesi asiote moto, hewa yake ya sumu haina harufu.